Jibu: Leseni ya mazishi na umiliki wa tanuri la kuchomea maiti, Marekani

Ndugu, umeuliza kama leseni ya msimamizi wa mazishi inakuruhusu pia kumiliki tanuri la kuchomea maiti. Inategemea jimbo, kwa sababu Marekani hakuna leseni moja ya taifa.

Kwa New York, jibu ni hapana. Tangu 1998, tanuri mpya huendeshwa na mashirika yasiyo ya faida tu, na nyumba ya mazishi hairuhusiwi kuungana na shirika la makaburi. Leseni yako itatoka Idara ya Afya, baada ya masomo, mitihani na mwaka wa mafunzo kazini. Tanuri ziko chini ya ofisi nyingine kabisa.

Colorado ilifuta leseni za wasimamizi wa mazishi mwaka 1983. Mwaka 2023, mjini Penrose, ikakutwa miili karibu 190 imeachwa ioze ndani ya jengo, huku baadhi ya familia zikiwa zimepewa majivu bandia. Inauma sana. Sheria ya 2024 inarudisha leseni kuanzia 2027, wachomaji wakiwemo.

Kwa hiyo usilipe ada ya chuo wala usinunue mtambo kabla ya kusoma sheria za jimbo lako. Uko jimbo gani?