CV ya kurasa sita, na simu hailii

Dada, unasema umemaliza diploma ya uhasibu, umetuma CV ya kurasa sita kote Nairobi na hakuna anayekupigia. Ipunguze hadi kurasa mbili. Alama za KCPE (mtihani wa mwisho wa shule ya msingi), dini, ndoa, nambari ya kitambulisho: toa zote.

Penye utajiri ni ile kazi ya duka la Gikomba uliyoificha chini kabisa, sijui kwa nini. Ipandishe juu. Usiandike "nina bidii". Kwenye CV hakuna mvivu. Andika kwamba kila jioni ulilinganisha mauzo ya M-Pesa na daftari la duka, na kama uliwahi kujaza marejesho ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kwenye iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni, sema hivyo. Halafu soma tangazo vizuri na utumie maneno yake, pale tu yanapokuhusu kweli.

Vyeti vya HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu) na CRB (rekodi za mikopo na madeni) usikimbilie kuvilipia: tangu 2022 sheria ya ajira inamtaka mwajiri asidai vyeti vya aina hiyo kabla hajakusudia kukuajiri. Tuma PDF yenye jina lako, siyo "CV mpya ya mwisho 3".