Maswali ya Usukani: Kijana Ana Leseni, Apelekwe Tena Kufundishwa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Tunaishi Columbus, Ohio. Kifungua mimba wangu ametimiza miaka 16 na amepata leseni. Jirani ananishauri nimpeleke kwenye mafunzo ya siku moja ambako vijana hufundishwa kupiga breki za ghafla na kuliokoa gari linaposerereka, na mzazi anatakiwa awepo. Baba yake hataki kusikia. Anasema ukimfundisha mtoto wa kiume kuserereka umempa mchezo. Na mimi niliyeendesha miaka yote hii, nikakae pale nijifunze nini? – *Mama Baraka*

JIBU: Marahaba, Mama Baraka. Nianze na baba, maana hoja yake si ya kupuuzwa. Mwaka 1979 Norway iliwalazimisha madereva wapya wapitie mafunzo ya barabara yenye utelezi. Watafiti walipokuja kupima, wakakuta ajali za vijana wa kiume kwenye utelezi zimeongezeka. Walikuwa wametoka pale wakijiona mafundi, na anayejiona fundi hapunguzi mwendo theluji ikianguka. Mimi lori nilijifunzia njia ya Mombasa hadi Malaba. Wale waliokuwa wakishuka mteremko wa Salgaa, unaojulikana kwa ajali, gia imetolewa ili waokoe dizeli, wote walikuwa mafundi.

Kwa hiyo muulize mwenye mafunzo: kijana akitoka hapa atakuwa anajua nini? Akikujibu kwamba atalimudu gari katika hali yoyote, mshukuru uende zako. Yanayofaa ni yale yanayomrudisha kijana nyumbani akiliogopa gari kidogo.

Chukua breki. Vijana wengi wana leseni mfukoni na hawajawahi kukanyaga breki mpaka mwisho. Siku ya dharura mfumo wa breki wa ABS unaanza kazi, pedali inatetemeka na kugonga chini ya unyayo, naye akidhani amevunja kitu anaachia mguu. Uwanjani anaambiwa akanyage kwa nguvu zote, ashikilie, na huku akate usukani kukwepa koni, kwa sababu kazi ya ABS ndiyo hiyo: kuzuia tairi zisifunge, ili gari liendelee kutii usukani. Halafu anarudia kwa mwendo mkubwa zaidi, na koni zile zile alizosimama mbele yake mara ya kwanza anazifagia zote. Mwendo ukiwa mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki huwa kama mara nne. Ameyasoma hayo kabla ya mtihani, akayajibu vizuri, na hakuyaamini.

Zoezi lingine ninalolithamini kuliko hata la utelezi ni la tairi za upande mmoja kutoka nje ya lami. Mtu akishtuka huvuta usukani kwa nguvu arudi; tairi hung'ang'ania ukingo, kisha hupanda ghafla, na gari huruka hadi upande wa wanaokuja au hupinduka. Dawa yake inachosha kwa urahisi wake: ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani imara, acha gari lipunguze mwendo hapo hapo kwenye changarawe, kisha rudi taratibu. Kichwa kinalielewa kwa dakika moja. Mikono ndiyo inayotaka kurudia.

Sasa zamu yako, mama. Utaombwa ukae kwenye kiti cha dereva, na mkufunzi atakitazama kwanza kiti chenyewe. Wengi wetu tulifundishwa kuushika usukani kama uso wa saa ya ukutani, mkono mmoja kwenye kumi, mwingine kwenye mbili. Siku hizi hushushwa hadi tisa na tatu, ili mfuko wa hewa ukilipuka usiurushe mkono usoni. Tunakaa mbali mno au tumebanana na usukani. Tunajibu simu kwenye taa nyekundu. Mtoto amekuwa akiyatazama hayo tangu akiwa kiti cha nyuma, na mazoea yake atayatoa kwako kabla ya kuyatoa kwangu.

Ohio ilikutaka uapie karatasi kwamba Baraka ameendesha saa 50 chini ya usimamizi, 10 kati yake usiku. Sikuulizi kama zilitimia. (Nawajua wazazi waliosaini huku wakihesabu na safari ambazo kijana alikuwa amelala kiti cha nyuma.) Kama zina pengo, zijazie sasa: usiku, mvua, barabara kuu ya I-270 saa za kutoka kazini. Na kumbuka sheria bado inambana mpaka leseni yake itimize miezi 12: asiendeshe kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi bila mzazi, isipokuwa kwa sababu chache kama kazi, na asibebe zaidi ya mtu mmoja asiye wa familia. Hilo la abiria lisimamie kwa ukali. Kijana akiwa na wenzake garini hatari hupanda, na hakuna zoezi la koni linaloliondoa hilo.

Kuhusu pa kwenda: kuna mafunzo ya aina hii yaitwayo B.R.A.K.E.S., yaliyoanzishwa na Doug Herbert, mwendesha magari ya mbio, baada ya wanawe wawili kufa katika ajali North Carolina mwezi wa Januari 2008. Huzunguka mji kwa mji, na mzazi huhudhuria pamoja na kijana. Mafunzo mengine, Street Survival, humtaka kijana aje na gari lake mwenyewe, jambo ninalolipenda, kwani breki atakazozihitaji Jumatatu ni za gari hilo. Mpeleke baba. Akamwone mwanawe akizifagia koni, kisha naye ajaribu.

SWALI: Mwalimu, binti yangu ana miaka 18, yuko shule ya udereva hapa Nakuru. Ni ubao wenye mfano wa mji na vigari vidogo, na mizunguko michache barabarani basi. Huku uwanja wa koni tutautoa wapi? – *Baba Neema*

JIBU: Ubao usiudharau, mzunguko wa barabara hujifunzwa vizuri pale. Kwa breki, omba ruhusa ya uwanja mpana wenye lami, Jumapili asubuhi. Toa garini kila kinachoviringika, hasa chupa za maji, zisije zikaingia chini ya pedali. Mitungi mitupu ya plastiki inatosha kuwa koni. Aanze na kilomita 30 kwa saa, halafu 50. Jua kwanza kama gari lina ABS. Kama halina, tairi zitafunga na gari litanyooka mbele hata akizungusha usukani, basi mfundishe kuachia kidogo na kukanyaga tena. Mvua ikianza kunyesha msikimbilie nyumbani: dakika zile za kwanza, mafuta na vumbi vikichanganyika na maji, ndizo telezi kuliko zote. Arudie kwa kilomita 30 zile zile, kisha ashuke apime kwa hatua zake amepitiliza kiasi gani.