Medali ya vita: jina peke yake halimtambulishi askari

SWALI: Kwenye sanduku la vitu vikuukuu nililonunua Uingereza nimekuta medali ya fedha. Ina kichwa cha Mfalme George V, na nyuma yake mpanda farasi na miaka 1914 na 1918. Ukingoni pamechongwa namba, cheo, J. Smith na rejimenti. Mtandaoni nimepata ukoo wa J. Smith aliyepigana vita hiyo, na mjukuu wake anaitaka. Nimtumie?

JIBU: Usitume bado. Ukingo umeusoma vizuri, kisha ukaiacha namba ukashika jina. Kosa hili nalikuta kila mara, na linaniuma, kwa sababu medali ikishafika kwa ukoo usio wake ni nadra sana kurudi.

Medali za fedha za aina hiyo zilitolewa takriban milioni 6.5. Hebu fikiria akina J. Smith walikuwa wangapi! Na namba nayo haisomwi peke yake: hadi mwaka 1920 kila rejimenti ilikuwa na namba zake, hivyo askari wa vikosi tofauti waliweza kuwa na namba ileile. Namba, jina na rejimenti vioane vyote vitatu.

Anza na kadi za medali za National Archives, hifadhi ya nyaraka ya taifa iliyoko Kew, London, ambazo hutafutwa mtandaoni. Kadi huonyesha kama askari alihamishwa na kupewa namba nyingine. Hilo ni muhimu, maana medali kwa kawaida hubeba kikosi alichoingia nacho vitani mara ya kwanza. Mjukuu akitaja kikosi kingine, usimkatalie kwa hilo tu.

Kama alifia vitani, tazama kumbukumbu za Commonwealth War Graves Commission, tume inayotunza makaburi ya askari wa vita, ambazo mara nyingi hutaja wazazi au mke, na daftari za jeshi za fedha za marehemu, zinazoonyesha nani alilipwa. Asipokuwemo humo, huenda alirudi salama. Hapo kazi huwa ngumu zaidi. Jalada lake la utumishi laweza kuwa limeteketea, kwani mengi yaliungua London iliposhambuliwa kwa mabomu Septemba 1940. Mimi hukimbilia orodha za 1918 za wapigakura wasiokuwepo, yaani waliokuwa mbali na nyumbani kwa ajili ya vita, kwa kuwa nyingi zina anwani ya nyumbani pamoja na namba na kikosi. Ukishapata anwani, sensa za 1911 na 1921 zitakuonyesha aliishi na nani, kisha uteremke kwa vyeti vya ndoa na vizazi.

Huyo mjukuu mwombe karatasi ya babu yake yenye namba. Kama familia ina medali ya pili, ile ya Ushindi, ukingo wake utamaliza ubishi.

Sasa kuna hawa wanaotoza fedha na kuahidi ukoo kwa siku moja. Wengi huchukua mti wa ukoo ambao mtu aliunakili kwa mwenzake bila hata cheti kimoja, wakaubandika jina la askari wako. Asiyeweza kukuonyesha kadi yenye namba hiyo, usimlipe. Wengine watakuambia uing'arishe medali kwanza. Kataa, kusugua hufuta maandishi ya ukingoni. Picha ya ukingo nayo usiiweke hadharani, kwa sababu ikishaonekana, kila mdai atakuja na namba sahihi mkononi, na hutakuwa tena na swali la kumpima.