Kwa nini Porsche 924 huambiwa si Porsche halisi?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Hamburg, na nimepata mtu anayeuza Porsche 924 ya mwaka 1981 kwa sehemu ndogo tu ya bei ya 911, gari maarufu zaidi la Porsche, ya umri huo. Wenzangu wananicheka kwamba hiyo si Porsche halisi. Je, gari lenyewe ni bovu, au limepakwa matope tu?

JIBU: Ndugu msomaji, gari hilo si bovu. Lilipangiwa nafasi ya chini, na waliolipangia ni wenye kiwanda wenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Volkswagen iliiagiza Porsche isanifu gari la michezo kwa kutumia vipuri ambavyo tayari vilikuwa vikitengenezwa kwa ajili ya Volkswagen na Audi. Baada ya msukosuko wa mafuta wa mwaka 1973 Volkswagen ilibadili nia ikaegemea Scirocco, gari lake jingine la michezo, na Porsche ikaununua mradi ambao ilikuwa imeusanifu yenyewe. Hivyo 924 ilipotoka mwaka 1976 ilikuwa na injini ya lita 2 yenye asili ya Audi na nguvu farasi 125, na ikaundwa katika kiwanda cha Audi huko Neckarsulm. Bloku ya injini hiyo ilitumika pia katika gari la mizigo la Volkswagen LT, jambo ambalo wabezaji hawachoki kulitaja, ingawa hao hao husahau kwamba Porsche 356 nayo ilianza na vipuri vya Volkswagen Beetle.

Kwa hiyo asili pekee haitoshi kueleza dharau hiyo. Kwa maoni yangu, kilichoiumiza zaidi ni maamuzi yaliyofuata. Ernst Fuhrmann, aliyekuwa mkuu wa kampuni, alikusudia 928, yenye injini ya silinda nane mbele, ichukue nafasi ya 911. Mpango huo ungetimia, 924, ambayo nayo ina injini mbele, ingehesabiwa leo kuwa mwanzo wa ukoo mpya. Lakini Peter Schutz, aliyeshika uongozi mwaka 1981, aliamua 911 iendelee, na injini yake ya nyuma inayopozwa kwa hewa ikabaki kuwa kipimo cha Porsche halisi. (Hata huku Afrika Mashariki, wazee wa Safari Rally wanaikumbuka 911 ya Vic Preston Jr. iliyoshika nafasi ya pili mwaka 1978.)

Tena, 924 ilipoboreshwa, sifa zilikwenda kwa jina jingine. Umbo lile lile, likiwa limetanuliwa na kupewa injini ya lita 2.5 ya Porsche yenyewe, liliuzwa kuanzia mwaka 1982 kwa jina la 944. Miaka michache baadaye 924S, toleo jipya la 924, ilipopewa injini hiyo, ilianza na nguvu farasi 150 wakati 944 ilikuwa na 163. Mdogo hakuruhusiwa kumpita kaka yake.

Bei yake ndogo ina hatari moja: wamiliki wengi waliona hasara kulitengeneza gari la thamani ndogo. Dai kumbukumbu za matengenezo kabla ya kulipa. Ukivutiwa na 924S badala yake, uliza mkanda wa taimingi (unaopatanisha mwendo wa valvu na pistoni ndani ya injini) ulibadilishwa lini, kwa sababu ukikatika, valvu hugongana na pistoni, na gharama ya kuifufua injini inaweza kuzidi bei uliyonunulia gari.