Kemia ya KCSE: karatasi ya tatu ndiyo ya kuangalia

Mdogo wangu wa Kisauni, umesema unarudia KCSE, mtihani wa kidato cha nne hapa Kenya, kama mtahiniwa wa kibinafsi, unataka kusomea ufamasia, na usiku kucha uko na moli, zile hesabu za kiasi cha kemikali. Moli zisome, zitakuja. Lakini nakuomba sana uiangalie karatasi ya tatu.

Ya kwanza na ya pili ni nadharia, alama 80 kila moja, saa mbili mbili. Ya tatu ni ya maabara: alama 40, saa mbili na robo, na ile robo ni ya kusoma maswali na kukagua vifaa. Sasa, zile 160 za nadharia hushushwa hadi 60, hizi 40 hubaki vile vile. Piga hesabu mwenyewe.

Mimi niliumia hapo, kwenye mtihani wa majaribio. Tuliambiwa tupime joto la asidi kabla ya kuichanganya na alikali. Themometa ilisoma 29.5, ndiyo Mombasa hiyo, madirisha wazi na jasho linatiririka. Kitabu changu cha marudio kilikuwa na 25. Nikaogopa, nikaandika 25. Mwalimu akanirudishia karatasi ile namba imezungushwa wino mwekundu. Vipimo vyako hulinganishwa na vya mwalimu wa kituo chako, si vya kitabu. Andika ulichokiona.

Bureti nayo, ule mrija wa kioo wenye bomba wa kupimia ujazo: ukianza na desimali moja, zote ziwe desimali moja. Mwanzo ni 0.0, si 0. Wastani utafute kwa vipimo vinavyokaribiana tu.

Kwenye kutambua ayoni, yaani chembe zenye chaji zilizo ndani ya myeyusho, tia kemikali ya kupimia tone kwa tone, tikisa, kisha zidisha. Mashapo meupe, yaani chembe ngumu zinazojitokeza kwenye myeyusho, yakiyeyuka sodiamu haidroksaidi ikizidi, huenda ni zinki, aluminiamu au risasi. Jaribu amonia: ikizidi, ya zinki pekee ndiyo huyeyuka. Risasi utaijua kwa potasiamu ayodaidi, inatoa manjano ya kung'aa. Na myeyusho usio na rangi uandike "colourless". Ukiandika "clear" alama imekwenda.

Kwa vile huna shule, nenda mapema kituo ulichojisajili, umwombe mwalimu wa kemia akuruhusu hata Jumamosi moja uguse vifaa. Mimi niko Likoni, nina bureti na stendi yake. Ukihitaji nitakuvushia kwa feri. Maji ya bomba yatosha kuzoesha mkono na jicho.