Muulize Mhasibu: Printa, wino na fundi kwenye mstari mmoja wa invoisi

SWALI: Habari za kazi kaka mhasibu. Nauza printa, wino na karatasi, na pia natengeneza printa za watu. Kwenye invoisi huwa naandika tu "vifaa vya ofisi na huduma", naweka jumla na VAT chini, basi. Sasa kampuni moja imenirudishia invoisi eti kila kitu kikae kivyake na namba ya HS. Hizo namba nazitoa wapi, na ufundi nao naupa namba gani?

JIBU: Ndugu yangu, hao wateja wako sahihi kabisa, hawajakuonea. VAT waliyokulipa wanataka waikate kwenye kodi wanayodaiwa wao na ushahidi wao ni hiyo invoisi yako, sasa mkaguzi akikuta "vifaa vya ofisi na huduma" atajuaje kilichouzwa ni nini na kinatozwa asilimia ngapi? Anaikataa na hasara inabaki kwao.

Namba za HS ni namba za kutambulisha aina ya bidhaa, ni za Shirika la Forodha Duniani, zinatumika tangu 1988. Tarakimu 6 za kwanza ni zilezile kwa nchi zote zinazotumia mfumo huo, zinazofuata kila nchi inajiongezea zake, kwa hiyo chukua orodha ya nchi yako. Mbili za kwanza ni sura, nne ni kichwa. Printa iko 8443, wino wa kuchapia wa chupa 3215, karatasi nyeupe ya kawaida ya printa 4802. Umeona? Kwako vinakaa shelfu moja ila kwenye HS ni sura tatu tofauti, na hapa ndipo wengi wanapoteleza, wanatafuta namba ya "vifaa vya ofisi" wakati kinachoulizwa ni kitu chenyewe ni nini. Halafu jina la sura ni la kukuelekeza tu, kinachoamua ni maneno ya kile kichwa cha tarakimu 4 pamoja na maelezo yaliyo mwanzoni mwa sura, yasome hayo hata kama yanachosha.

Namba ya supplaya usiikopi ukalala, inaweza kuwa ya toleo la zamani la HS. Simu janja kwa mfano zilipewa 8517.13 kwenye toleo la 2022, kabla ya hapo zilikuwa 8517.12 pamoja na simu nyingine za mkononi.

Ufundi sasa. HS ni ya bidhaa tu, huduma haimo. Umoja wa Mataifa una orodha yake inayoitwa CPC yenye huduma pia, na nchi nyingine zina za kwao, India namba za huduma zinaanza na 99, kwa hiyo tumia ile inayotakiwa na mamlaka yako ya kodi. Jiulize mteja alikuja kununua nini hasa. Kanunua printa na wewe ukamfungia na kuiwasha hapohapo, kwa kawaida kufunga kunafuata printa, ni mauzo ya printa. Ila mkataba wa matengenezo wa mwaka mzima wenye bei yake, ambao angeweza hata kumpa fundi mwingine, huo ni huduma, upe mstari wake, na sana sana kama viwango vya kodi vinatofautiana usithubutu kuvichanganya.

SWALI: Bidhaa ya kiwango sifuri na iliyosamehewa VAT si ni kitu kimoja tu, mteja halipi kodi?

JIBU: Kwa mteja ndiyo, bei haina kodi juu. Kwako wewe muuzaji hapana, tena tofauti ni kubwa. Ukiuza ya kiwango sifuri bado unaruhusiwa kudai VAT uliyolipa wakati wa kununua, ukiuza iliyosamehewa kwa kawaida hudai, inakuwa gharama yako. Kwa hiyo kwenye invoisi usiandike "0" ukaishia hapo, andika ni sifuri au ni msamaha.