Sashe haina tundu, lakini sambaza wananuka

Swali: Mwalimu, jambo. Ninasoma kemia hapa Goma, na ninaandika kwa Kiswahili namna ya kupima gesi na mvuke vinavyopita kwenye utando wa plastiki. Wenzangu wanataka niseme "kipimo cha uvujaji". Ni sawa?

Jibu: Si sawa, mwanangu, na usikubali hata wakiwa darasa zima. Andika "kipimo cha upenyaji". Neno "utando" umelipata vizuri: limetokana na kutanda, kama utando wa juu ya maziwa yaliyopoa. Hapo hatuna ugomvi.

Ugomvi wangu ni na hiyo "kuvuja", nao ni wa miaka mingi. Siri zinavuja, mitihani inavuja, na sasa hata plastiki nzima, isiyo na kasoro yoyote, eti nayo inavuja! Kinachovuja ni kibovu. Paa likivuja unapanda na bati. Ndoo ikivuja unaiziba au unaitupa. Mazuku, ile hewa ya sumu itokayo ardhini, yakitoka kwenye ufa wa mawe ya volkano, mtu akasema gesi inavuja, mimi nanyamaza, kwa sababu ufa upo na ninaweza kuuonyesha kwa kidole.

Sasa nenda soko la Kituku asubuhi, ununue sambaza wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani. Chukua sashe, yaani mfuko mdogo wa plastiki, ijaze maji kwanza, uigeuze: halidondoki hata tone. Ikaushe, tia sambaza wako, ziba mdomo wake kwa moto wa mshumaa, kisha uiweke kwenye begi la nguo. Kesho yake shati lako la kanisani linanuka ziwa. Harufu imepita wapi? Tundu hakuna. Imezama ndani ya plastiki yenyewe, ikasafiri humo, ikatokea upande wa pili. Huko ndiko kupenya. Utaniambia upenyo ni tundu jembamba. Kweli, lakini kitenzi ni kipana kuliko mtoto wake: baridi hupenya blanketi, mwanga hupenya pazia, wala hakuna aliyetoboa kitu.

Nawaomba wenzako wasidhani natetea mapambo ya lugha. Kwenye kitundu chembamba gesi nyepesi hutangulia, kwa hiyo hidrojeni huiacha mbali kaboni dioksidi. Lakini mwaka 1866 Mskoti Thomas Graham alipima gesi kwenye utando wa mpira, mambo yakageuka: kaboni dioksidi ilipenya zaidi ya mara 13 ya nitrojeni, hidrojeni mara 5 na nusu tu. Kaboni dioksidi ni nzito, ila huyeyuka vizuri ndani ya mpira, na hilo ndilo lililoipa ushindi. Mshindi wa tunduni ameshindwa kwenye utando! Kitenzi kimoja kitayabebaje yote mawili?

Tena kipimo chenyewe kinawadai vitenzi viwili. Mnatia kloridi ya kalsiamu kavu kikombeni, mnafunika mdomo kwa utando, mnaziba ukingo kwa nta, mnakiweka kwenye hewa yenye unyevu mnaoujua. Kila siku mnakipima uzito, maana mvuke unaoingia unanaswa na ile kloridi. Nta ikiwa na ufa, mvuke utaingilia pembeni na uzito utaongezeka vilevile. Ukiandika "mvuke umevuja", msomaji atajuaje kama uliingia kwa tabia ya plastiki au kwa uzembe wa aliyepaka nta? Nimesoma ripoti ya namna hiyo mara tatu nisijue nimlaumu nani, plastiki au mtu.

Andika hivi: "Mvuke uliopenya utando ni gramu 12 kwa mita mraba kwa saa 24. Kikombe cha tatu hakikuhesabiwa, kwa sababu nta yake ilivuja." Namba weka za kwenu. Vitenzi viache palepale.